Mizani Isiyopima

Natengeneza mizani mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, mwaka wa ishirini na sita huu. Nimehesabu mara mbili. Mizani ya bucha, mizani ya duka la nafaka, mizani ya kulaza gunia, na ile ya kuning'iniza ambayo muuza korosho akiiona anakunja uso kabla hajaambiwa kitu. Zote zimepita mikononi mwangu, na kila moja ina kibati kinachosema mwisho wake ni kilo ngapi. Mimi hubishana na kila mtu na kila kitu, ila kibati sibishani nacho.

Asubuhi moja ya mwezi wa pili, muuza spea wa mtaa wa nyuma alinipigia simu. "Fundi, kuna mizani imekuja na kontena la mitumba. Njoo uone. Hii hata wewe huijui."

Niliiacha chapati nusu.

Nilikuta kitu cha miguu mitatu, juu kina kichwa cha chuma kizito kama injini ya cherehani. Ubavuni mwa kichwa imetoka fimbo, na kwenye fimbo kuna jiwe la duara, linateleza mbele na nyuma na kukazwa kwa skrubu. Jiwe linaloteleza kwenye fimbo! Mtu wa mizani ukimwonyesha hicho, umemwonyesha jina lake. Na kibati kilikuwepo: kilo saba. Nilisogeza jiwe, nikainama, nikatafuta mahali pa kusomea uzito. Hapakuwa na mahali. Nikatafuta tena. Mizani zisizosomeka nimeziona nyingi Kariakoo, lakini hizo zilifutwa na wenyewe kwa makusudi.

Ndani ya sanduku lililokuja nacho kulikuwa na bomba jeupe, nene, refu kama mtoto wa darasa la kwanza, na chini yake kioo kilichojipinda. Hapo nikajua ni darubini. Muuzaji hakujua, na mimi si mwalimu wake. Akataja bei, nikacheka. Akashusha, nikaondoka. Akaniita, nikarudi, nikaondoka mara ya pili, na mara ya pili ndiyo yenye maana. Tulipoafikiana nikabaki nimesimama palepale, mkono wazi.

"Nini tena, fundi?"

"Nyongeza iko wapi?"

Anayejua soko letu anaelewa. Ukinunua fungu la nyanya, muuzaji anakutupia moja juu. Hiyo si punguzo. Punguzo umelipigania, nyongeza unapewa kwa sababu wewe ni mtu. Jamaa alisonya, akachokora chini ya sanduku, akatoa kibomba kifupi kama chupa ya chai, kina lenzi mbele. "Chukua na hiki kitoto chake, uende."

Nilikitia mfukoni mwa koti la kazi nikakisahau.

Mzigo nikaupeleka moja kwa moja kwa mtani wangu.

Mimi ni Mpare, yeye ni Mchaga, na makabila yetu ni watani tangu zamani. Maana yake ana haki ya kunitukana mbele ya wateja wangu, nami nina haki ya kumtukana mbele ya mkewe, na hakuna wa kununa. Ana studio ya picha Kariakoo, chumba kimoja chini ya jengo la ghorofa tano. Anapiga picha za pasipoti, nne kwa karatasi, nyuma bluu. Mwenyewe anaishi ghorofa ya juu kabisa pamoja na shemeji yangu, yaani mkewe, na juu ya vichwa vyao kuna paa tupu lenye matangi ya maji na kamba za nguo. Amenizidi miaka kumi na mbili. Shikamoo nampa kila asubuhi, naye huitikia marahaba, kisha matusi yanaanza.

"Mpare kanunua kitu!" akapiga kelele niliposhusha sanduku. "Mke wangu, njoo umshuhudie shemeji yako. Au umeokota?"

Alikigusa kile kichwa cha chuma, akakizungusha, akakileta karibu na uso. Karibu sana. Halafu akasema taratibu, "Mtani, hii si mizani. Hii ni stendi ya kufuata nyota."

Alikuwa ameziona kwenye simu, katika zile video anazotazama wateja wakipungua. Akanieleza. Nyota hazitulii, zinatembea kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa hiyo kamera ikiachwa wazi sekunde kumi tu nyota inakuwa mstari. Stendi hii ina mota ndani. Inaigeuza darubini polepole, kwa mwendo uleule wa nyota, ili nyota ikae mahali pamoja. Jiwe la fimboni halipimi kitu. Linasawazisha tu, ili mota isichoke.

Nikauliza inazunguka kwa kasi gani. "Mara moja kwa siku," akasema.

Nilipiga hesabu palepale. Mshale wa saa unazunguka mara mbili kwa siku. Kwa hiyo kitu hiki kinakwenda nusu ya mshale wa saa, ule ambao hakuna aliyewahi kuuona ukitembea. Na kwa kweli, akasema mtani, nyota haziendi popote. Ni sisi. Nikatazama nje: maduka ya vitenge, marobota ya mitumba, wachuuzi barabarani, basi la mwendokasi likipita, na kule mbele mzigo wote ulioko bandarini. Vyote hivyo vinabiringika kwenda mashariki usiku na mchana, na hakuna aliyetozwa nauli. Nimekaa mjini miaka yote hiyo nikijua dunia inazunguka, kama ninavyojua kuna benki kuu. Siku ile ndiyo mara ya kwanza niliihisi ikienda chini ya miguu yangu.

Mtani alikuwa bado ameshika kile chuma. "Kwa hiki," akasema, "kesi yetu ya Kilimia itakwisha."

Kesi ya Kilimia ina miaka kumi na saba. Kilimia ni lile kundi dogo la nyota lililosongamana kama punje kwenye kiganja, ambalo wazee walilitazama ili kujua wakati wa kulima. Nyumbani kwetu milimani nilifundishwa ziko saba. Yeye, kwenye migomba yao, alifundishwa ziko sita. Tulibishana mara ya kwanza juu ya paa lake umeme ukiwa umekatika, na hatujaacha.

"Ni sita," husema. "Ya saba mliihesabu mara mbili, kama kawaida yenu."

"Ni saba. Moja mliiuza."

Lakini siku ile hakusema la kuuza wala la kuhesabu. Alisema, "Sijakiona tangu mwaka juzi, mtani. Nilidhani ni taa za mji."

Hazikuwa taa. Daktari wa macho kule Upanga alikuwa amemweleza miezi mitatu kabla: presha ya macho. Inakula kuanzia pembeni kuja katikati, kimyakimya, na ilichokula hakirudi. Dawa inaweza kuipunguzia mwendo tu. "Sasa hivi naona kama nachungulia kwenye bomba la maji," akasema. "Nimekuwa darubini mimi mwenyewe." Akacheka. Shemeji yangu hakucheka; alikwenda kupanga fremu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Alichotaka kilikuwa kitu kimoja. Nyota za angani zimeshamshinda, lakini kioo cha kompyuta bado anakimudu akisogea, ndicho anachosafishia picha za pasipoti. Tukikipiga picha Kilimia ikatoka safi, atazihesabu nyota kwa macho yake. Si kwa kuambiwa na Mpare. Kwa macho yake.

Na muda ulikuwa unatukimbia, maana Kilimia kinazama. Mwezi wa pili giza likiingia kiko juu, mwezi wa tatu kimeinamia Magomeni, mwezi wa nne kinaingia kwenye mapaa na kupotea jioni zote, mpaka kizuke tena alfajiri za mwezi wa sita. Wazee wana msemo wao: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Masika yalikuwa mlangoni. Nilihesabu jioni za kufaa tulizobakiwa nazo, nikazihesabu tena, na mara ya pili zilikuwa chache zaidi.

Kazi ya uzito nikaichukua mimi. Nani mwingine? Niliweka bomba refu kwenye mizani yangu bora: kilo tano na gramu mia mbili. Pete za kulishikia na bamba lake, gramu mia nane. Kamera ya mtani, mia saba. Kidarubini cha kulengea kinachokaa mgongoni, mia tatu. Jumla kilo saba. Kamili! Nikapima upya kitu kimoja kimoja, kilo saba. Nilitabasamu peke yangu dukani kama mtu aliyeokota. Kibati kinasema saba, nami nimekipa saba, hakuna gramu iliyolala bure. Anayelipia gunia anataka gunia lililojaa. Kariakoo hata likijaa hawaridhiki. Wanalishonea kilemba juu liwe lumbesa. Mimi nilikuwa muungwana, sikuweka kilemba.

Jiwe lililokuja na stendi halikutosha kusawazisha, nikaongeza mawe yangu ya mizani, nikayafunga kwa waya. Sisi tuko karibu na ikweta, na ule mhimili wa kuzungukia lazima uelekee kusini na kulala karibu chini kabisa, nyuzi saba tu juu ya upeo wa macho. Mtengenezaji hakuwa na habari kwamba kuna watu wanaishi huku. Skrubu iligoma kabla haijafika. Nikatia kipande cha ubao chini ya mguu mmoja. Nikapima kwa pima maji. Nikapima tena.

Jioni ya kwanza tulipanda paani jua likizama. Kilimia kikajitokeza juu ya Magomeni, kinyonge, kwa sababu ya taa. Nikakilenga, nikawasha mota kwa betri ya pikipiki, nikaifungua kamera sekunde kumi na tano.

Tulipoitazama picha chini studio, kila nyota ilikuwa na kichwa na mkia. Viluwiluwi. Mfereji mzima wa Msimbazi.

"Hesabu basi," akasema mtani.

Nikamwambia ni jenereta la jirani, linatetemesha jengo. Jioni ya pili jenereta lilikuwa limezimwa, nikasema ni upepo. Ya tatu hakukuwa na upepo, nikasema ni mabasi ya mwendokasi.

"Mpare hakubali kosa mpaka hakimu amsomee," akasema.

Nikaanza kupunguza. Nilipunguza kama mtu anayepandisha bei kwenye mnada: mia, mia tena. Nikatoa kidarubini cha kulengea. Nikabadilisha bamba la chuma nikaweka la mbao. Nikatoka saba nikafika sita na nusu. Viluwiluwi. Sita na robo. Viluwiluwi wenye mikia mifupi. Kisha mawingu yakaja siku tisa mfululizo, na kila jioni saa moja kamili sauti ya shemeji ilipanda ngazi: "Baba, macho!" Ndiyo saa ya matone yake. Akishawekewa, dakika kumi nzima anaona ukungu mtupu, naye huketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, uso juu, machozi ya dawa yakimtiririka. Mtu asiyejua angesema anaomba mvua.

Moja ya jioni hizo za mawingu alisema, bila utani hata chembe, "Mtani, leo nimepiga picha ya mtu nikamkata sikio. Sikuliona. Mteja ndiye aliyeniambia."

Nilizihesabu kamba za nguo. Zilikuwa sita.

Kesho yake nilikuwa nimesimama nje ya duka langu. Msukuma mkokoteni ninayemfahamu, mtu mzima kama mimi, mwenye mabega ya kabati, alipita na magunia kumi ya mchele, akiimba. Baada ya saa moja alipita tena na mkokoteni uleule. Safari hii ulikuwa na trei za mayai, na haukujaa hata nusu.

"Kaka, umeishiwa nguvu?" nikamtania. "Mzigo gani huo, wa harusi?"

Alisimama akanitazama kama ninavyomtazama mteja aliyeniletea mizani iliyoangukia kisimani.

"Fundi, mchele nautupa popote. Ukiyumba umeyumba, punje haina habari. Haya ni mayai. Nabeba nusu."

"Na nusu nyingine?"

"Nusu nyingine naiachia barabara."

Alikuwa ameshaanza kwenda, akageuka. "Na kitu kirefu ndiyo balaa. Jana nilikuwa na mabomba ya plastiki, mepesi hivi, lakini upepo ukishika mkia wake unanigeuza mimi mwenyewe. Kirefu nakipunguzia zaidi."

Nilibaki barabarani mpaka bajaji ikanipigia honi.

Miaka ishirini na sita nimesoma vibati vya vitu vinavyosimama. Mizani kazi yake ni kutulia. Ukiipa kilo zake zote inatulia na zote, hapo ndipo uzuri wake. Stendi ile haikuumbwa kutulia. Inatembea, nusu ya mwendo wa mshale wa saa, na kila jino la gurudumu ndani yake linapolibana jenzake lazima mzigo uende bila kusita, bila kujikwaa hata unene wa unywele. Kilo saba inazibeba, kibati hakikudanganya. Mimi ndiye niliyekiuliza swali la buchani. Kubeba inabeba saba. Kutembea na mayai inataka iachiwe nusu yake tupu. Na mimi nilikuwa nimeijaza, halafu juu ya kuijaza nimeipa bomba refu lishikwe mkia na upepo wa bahari.

Nusu ya saba ni tatu na nusu. Nilichukua kalamu nikaihesabu, ingawa haihitaji kalamu. Bomba refu peke yake, uchi, bila kamera, lilishapita hapo.

Halafu nikakumbuka koti la kazi. Lilikuwa linaning'inia nyuma ya mlango, mfuko mmoja umevimba. Nyongeza.

Nilikiweka kibomba kile mizanini. Kilo moja na gramu mia saba. Pete na kibao, mia nne. Kamera, mia saba. Kilo mbili na gramu mia nane. Nikapima tena. Ilikuwa ileile, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilifurahia kitu kwa sababu hakikujaa.

Mtani alipokiona alisonya. "Umeniletea chupa ya chai."

"Kifupi kinaona pana. Kilimia kitaenea chote. Lile refu lilikuwa linakikata kama ulivyomkata yule mtu sikio."

Akaniangalia kwa kile kibomba cha macho yake, kisha akaanguka kicheko mpaka shemeji akaja kuona kuna nini. Hapo nikajua utani umerudi nyumbani. Nikamweleza ya mkokoteni. "Miaka yote hiyo ya mizani," akamwambia mkewe, "mwalimu wake ametokea kuwa trei ya mayai."

Tukasubiri anga. Mwezi wa nne ulikuwa umeshaingia, mvua inanyesha mchana na kukatika inapotaka. Jioni moja mawingu yalifunguka upande wa magharibi kama mlango wa duka, nusu. Nikapanda ngazi mbili mbili. Mawe yangu ya mizani sikuyahitaji tena. Jiwe la stendi lilitosha, nikalisogeza ndani kabisa, karibu na kichwa. Nilipoliachia bomba, likabaki pale nilipoliacha. Halikuinama wala kuinuka. Nimesawazisha vitu maisha yangu yote na bado nililishika nikaliachia tena, nione tu.

"Baba, macho!"

"Mungu wangu, sasa hivi?" akasema mtani.

"Sasa hivi ndiyo saa moja," akasema shemeji, ambaye alikuwa amepanda mwenyewe na kichupa mkononi. "Nyota zilikuwepo jana. Macho hayo ndiyo ya kukimbizana nayo."

Akaketi kwenye ndoo, akawekewa matone. Mimi nikafungua kamera. Sekunde kumi na tano, inajifunga kwa mlio mdogo, inafunguka tena. Nilipanga picha arobaini. Yeye hakuona kitu, ila alikuwa anahesabu milio.

"Ishirini na tisa," akasema gizani.

"Thelathini."

"Ishirini na tisa, mtani. Wa kwanza ulikuwa wa kujaribu."

Alikuwa sahihi. Kilimia kilikuwa kinakaribia tangi la maji la jengo la jirani. Ilipokwisha ya thelathini na nane, tangi likakila. Nikazima mota. Chini Kariakoo ilikuwa inafunga maduka, mageti ya chuma yanashushwa moja baada ya jingine mtaa mzima, na hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.

Studio alikaa yeye kwenye kompyuta, maana hiyo ni kazi yake. Picha ya kwanza ilikuwa ya rangi ya chungwa yote, taa za mji zimeichafua. Lakini nyota! Niliinama. Kila moja duara. Punje ya ulezi. Hapakuwa na mkia hata mmoja. Nikasogea nyuma nimpishe, kwa kuwa haikuwa zamu yangu.

Alizipanga zote thelathini na nane moja juu ya nyingine, ili kile kidogo kilichomo katika kila moja kijumlike. Kisha akaanza kuliondoa lile chungwa, kwa uvumilivu uleule anaoondolea chunusi usoni kwa mteja. Giza likatulia. Na nyuma ya giza, kuzunguka zile nyota kubwa, kikatokea kitu ambacho sikukiweka na yeye hakukiweka. Moshi. Moshi wa bluu, mwembamba, kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Ulikuwa pale juu ya Magomeni jioni zote za maisha yetu. Nuru ile, mtani akasema, iliondoka huko zaidi ya miaka mia nne iliyopita, na ilipoondoka mji huu haukuwepo hata wa kibanda kimoja. Imesafiri muda wote huo ili iangukie kwenye chupa ya chai niliyopewa bure.

Nataka kueleza nilivyojisikia na kila neno ninaloshika ni jepesi. Najua kupima. Sijui kupima kile.

"Bluu," akasema mtani kwa sauti ndogo. "Mtani, hata huko juu wanajua pasipoti inataka bluu nyuma."

Kisha akaanza kuhesabu. Alisogeza uso mpaka pua karibu iguse kioo, akaweka ukucha wa kidole cha shahada kwenye nyota ya kwanza. Kwa kuwa pembeni haoni, ilimbidi ageuze kichwa chote, polepole, kama ile stendi. Sita zikapita. Saba ikapita, wala hakuniangalia. Kumi na tisa. Thelathini na tatu. Shemeji yangu alikuwa amesimama nyuma yake, mkono begani kwake, midomo inahesabu pamoja naye bila sauti. Sitini na mbili.

"Rudia," nikasema.

Akarudia. Sitini na nne.

Alikaa nyuma kwenye kiti. Macho yalikuwa yanatoa maji, na sikuuliza kama ni dawa.

"Nimeziona," akasema. "Mimi mwenyewe."

"Kwa hiyo tumekosa wote."

"Wote."

"Ila saba iko karibu na sitini na nne kuliko sita. Nimeshinda kwa moja."

"Mama, mtoe huyu mtu dukani kwangu."

Aliitoa ile picha kwenye karatasi ya pasipoti, nne, kwa mazoea ya mkono, akazikata, akanipa moja. Iko ukutani kwangu hadi leo, karibu na cheti cha ukaguzi wa vipimo. Wateja huuliza ni ya nani.

Kilimia kilizama wiki ile kwa mvua. Bomba refu nililifunga kwenye gunia. Zuri, zito, linasubiri stendi yenye kibati kikubwa kuliko hiki mara mbili.

Mwezi wa sita, kipupwe kimeingia, mtani alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri. Kimezuka kwa jua, kama wazee walivyosema, alikuwa na hakika. Nikaenda. Kompyuta alikuwa ameshamwachia mkewe kufikia wakati huo, naye mkewe amejifunza kazi vizuri, hakati masikio. Tulisimama paani bila darubini. Alielekeza uso mashariki, mahali penyewe hasa, ila mboni zake hazikushika kitu.

"Kipo?"

"Kipo."

"Ngapi?"

Nilihesabu. Taa za bandarini zilikuwa zinawaka, na anga la Kariakoo linatoa kile linachotaka. Tano. Nikahesabu tena, kwa uangalifu, kama ninavyohesabu mali ya mtu mwingine. Tano.

"Sita," nikamwambia.

Alicheka peke yake gizani, taratibu, mtu aliyeshinda kesi ya miaka kumi na saba. Ile moja nilimwongezea.